Sola ya mkopo kwa miaka mitatu: nilichopata kwa shilingi 936,000

Nianze na bei, maana ndiyo wauzaji wasiyopenda kuitamka yote kwa pumzi moja. Kianzio shilingi 60,000, halafu 1,200 kila siku kwa siku 730. Jumla 936,000. Kijana aliyeniuzia hakuitaja hiyo namba ya mwisho hata mara moja. Alisimama mbele ya kaunta yangu, akanipa shikamoo nzuri, akasema, "Mama, ni buku na mia mbili tu kwa siku. Soda moja na maandazi mawili." Mimi soda nauza, na maandazi nayakaanga mwenyewe, kwa hiyo hesabu ile iliniingia vizuri sana. Jumla niliipiga usiku, kwenye daftari la madeni, wakati boksi lilishafungwa ukutani.

Jina la kampuni sitalitaja. Kampuni za namna hii ziko nyingi, maboksi yao yanafanana kama mapacha, na kila niliyemuuliza mwenye boksi la kampuni nyingine alinipa sifa zilezile na malalamiko yaleyale. Kwa hiyo hii ichukuliwe kama tathmini ya bidhaa yenyewe: sola ya kukopa, ya kulipia kwa simu, inayojifunga usipolipa.

Ninaishi kwenye kitongoji kimoja huko Mpwapwa, mkoani Dodoma, kilomita tatu kutoka senta ya kijiji chetu. Zishike hizo kilomita tatu, nitazirudia. Nina duka la bati, chumba kimoja: sukari, chumvi, sabuni za kipande, vocha, mafuta ya kula ya kupima. Nyuma ndiyo nyumba. Mama mkwe anaishi jirani kwenye tembe lake, nyumba ya udongo yenye paa bapa la udongo, na hataki kusikia habari ya kuhamia kwenye bati kwa sababu anasema bati ni jiko mchana na ni barafu usiku. Hapo sibishani naye.

Nilichukua mzigo Juni 2021, baada ya kuuza alizeti. Ndani ya katoni mlikuwa na paneli ya wati 50, boksi lenye betri, balbu nne na nyaya zake, tochi, redio ndogo, waya wa kuchajia simu wenye vichwa vingi, na televisheni ya inchi 24. King'amuzi hakikuwemo. Nilidhani kimo, kwa kuwa kwenye karatasi ya matangazo walionekana watu wanaangalia mpira, lakini king'amuzi na dishi nilinunua mwenyewe Mpwapwa mjini.

Ufungaji nausifu bila kinyongo. Fundi alikuja na pikipiki siku ya pili, akafanya kazi saa mbili, akaelekeza paneli vizuri, akanionyesha namna ya kuifuta vumbi. Dodoma jua si tatizo, vumbi ndilo tatizo. Kuanzia Julai mpaka Novemba upepo wetu unaleta vumbi jekundu, na paneli isipofutwa kila baada ya siku tatu nne, saa tatu usiku boksi linaanza kulia. Nililijua hilo mapema kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kumtuma juu ya bati.

Usiku wa kwanza nilipowasha balbu ya dukani nilikaa tu nikaitazama. Kabla ya hapo nilikuwa nafunga saa moja jioni, kwa sababu kupima mafuta ya kula kwa mwanga wa tochi iliyobanwa kwapani ni kujitafutia hasara. Baada ya hapo nikawa nafunga saa tatu na nusu, siku nyingine saa nne. Watu wanaorudi shamba hununua jioni, si mchana. Daftari langu linaonyesha kuwa mauzo ya baada ya saa kumi na mbili jioni yalisimama kwenye wastani wa shilingi 9,000, na faida yake ni kama 1,100. Yaani balbu moja ya dukani ilikaribia kulipa deni la siku nzima. Balbu nyingine tatu zilikuwa za kusomea watoto, za jikoni na za nje, na ya nje naihesabia thamani yake peke yake: wanaotoka kwetu wanajua nge ni nini, na wanajua kutembea uani usiku bila kuona unapokanyaga kukoje.

Lakini kuna neno moja kwenye tangazo lao ambalo nalipinga, nalo ni "okoa". Mimi sikuokoa kitu. Kabla ya sola nilikuwa natumia kwa mwezi: mafuta ya taa 6,000, betri za tochi 2,800, betri za redio 2,400, na kuchaji simu mbili kule senta, shilingi 300 kila simu mara tatu kwa wiki, kama 7,800. Jumla 19,000. Sola ikaja na 36,000 kwa mwezi. Hiyo ni zaidi kwa 17,000. Mafuta ya taa yenyewe kwetu yalishaanza kupungua siku nyingi, tangu 2011 serikali ilipopandisha ushuru wake ili watu wasiyachanganye na dizeli. Wengi walihamia kwenye tochi za Kichina. Kwa hiyo anayekuambia sola itakuondolea gharama ya kibatari, muulize kibatari kipi. Ukweli ni kwamba unalipa zaidi na unapata zaidi. Mwanga wa sola si mwanga wa tochi. Wangesema hivyo tu, ningenunua vilevile.

Hiyo 17,000 niliifidia kwa kuchaji simu za watu. Miezi ya mwanzo simu zilikuwa tano sita kwa siku, mia tatu kila moja, yaani hadi 1,800 kwa siku, nikawa namlipa kijana wa kampuni kwa hela ya majirani na chenji inabaki. Nikajiona mjanja. Nilichosahau ni kwamba yule kijana alikuwa bado anazunguka na pikipiki yake. Kufikia mwaka wa pili nyumba sita za jirani zilikuwa na paneli, na simu zikabaki moja, siku nyingine hakuna. Kila aliyekuwa mteja wangu alikuwa amefungua kituo chake cha kuchaji, naye anasubiri wateja.

Televisheni nayo ina kisa chake. Niliweka mabenchi nje, nikafungua kibanda umiza cha kwangu, mia tatu kwa kichwa. Kwa taarifa ya habari na tamthilia mbili hakuna shida. Mpira ndio ulionivua nguo. Siku ya Simba na Yanga walikuja watu 23, nikakusanya 6,900, nikazima balbu zote ili kubana matumizi, watoto wakala gizani. Mwezi ulikuwa wa vumbi na king'amuzi nacho kinakula moto kivyake. Dakika ya 74 boksi likalia mara tatu, kioo kikawa cheusi. Mashabiki wa pande zote mbili, ambao dakika moja nyuma walikuwa wanataka kuchinjana, wakaungana dhidi yangu. Nikawarudishia mia mia. Tangu siku hiyo televisheni ni ya nyumbani, ya watoto, kwa muda maalumu.

Sasa nije kwenye kujifunga, maana ndilo jambo watu wengi wananiuliza. Unalipa kwa simu, unatumiwa namba, unaziingiza kwenye boksi, linafunguka kwa siku ulizolipia. Siku zikiisha linazima lenyewe, hata kama betri imejaa na jua linawaka. Haijalishi ulitumia balbu moja au zote, haijalishi mawingu yalitanda wiki nzima. Siku ni siku. Walio na umeme wa gridi wana LUKU, lipa umeme kadiri unavyotumia, na ukienda kulala na tokeni zako unazikuta asubuhi. Sisi tulikuwa tunalipia muda.

Kwa mkulima hilo lina pande mbili. Fedha yetu inakuja Juni na Julai, alizeti na karanga. Januari mpaka Machi mfuko uko shambani, na anayesema ana hela anasema uongo. Miezi hiyo boksi langu lilifungwa mara nyingi. Nimehesabu kwenye daftari siku 148 kwa jumla. Wakala alinipigia simu, hakunitukana, hakuja na mgambo, na siku za giza hazikuongezewa riba. Deni lilisogea mbele tu, nikamaliza Novemba 2023 badala ya Juni. Ukilinganisha na mikopo ya kausha damu, ambapo wanabeba kitanda na godoro mbele ya wakwe, hapa kuna utu. Upande wa pili ni kwamba zile siku 148 zote zimeangukia msimu wa mvua, na nge hawana msimu wa alizeti. Kampuni ingeniruhusu kulipa miezi minne mbele Julai kwa punguzo, ningelipa. Niliomba. Mfumo hauna, nikaambiwa. Unaweza kulipa mbele, ila bei ni ileile.

Mtoto wa dada yangu anasoma uchumi UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja likizo, akakuta nalalamika, akachukua kalamu. "Ma'mdogo, tuhesabu umenunua uniti ngapi." Uniti moja, akanieleza, ni wati 1,000 kwa saa moja. Paneli ya wati 50 kwa jua la kwetu, ukiondoa kinachopotea njiani, inatoa kama sehemu ya tano ya uniti kwa siku. Siku 730 nilizolipia ni uniti 146. Gawa 936,000 kwa 146. Jibu ni shilingi 6,411 kwa uniti.

Nikamuuliza kule senta wanalipa ngapi. Bei iliyopangwa mwaka 2016 kwa matumizi madogo ya nyumbani ni shilingi 100 kwa uniti, ukiweka VAT, asilimia 3 ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) na 1 ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inakuwa 122. Uniti zangu 146 kwa bei hiyo zingegharimu 17,812. Sikuzungumza kwa muda kidogo. Yeye akacheka, na mimi nikamkumbusha nani alimnunulia begi la shule.

Nikasema basi tumeibiwa. Akasema, "Subiri, geuza kalamu." Uniti 146 kwa siku 730 ni uniti sita kwa mwezi. Kwa shilingi 100, kabla ya kodi, shirika la umeme lingepata kwangu shilingi 600 kwa mwezi. Bei ya soda haifiki. Kitongoji chetu kina nyumba 60 hivi. Zote zikiungwa na kutumia kama mimi, shirika litakusanya 36,000 kwa mwezi, kutoka kitongoji kizima. Nikaitazama ile namba. Ndiyo niliyokuwa nalipa mimi peke yangu kwa kampuni ya sola.

Hapo ndipo nikaelewa zile kilomita tatu. Kutoka senta kuja kwetu kunahitaji nguzo, nyaya, transfoma, mkandarasi na gari lake, na baada ya hapo mtu wa kuja kila mara mti unapoangukia laini au mchwa wanapoila nguzo. Yote hayo kwa 36,000 kwa mwezi. Kampuni ya sola ilifika mlangoni kwangu kwa pikipiki kwa sababu kila nyumba inayoingia inaleta peke yake fedha ya nyumba 60. Haikufika kwa huruma, na gridi haikuchelewa kwa chuki. Umeme wenyewe siku hizi upo: Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Kinachokosekana kwetu ni waya, na fedha ya waya haiwezi kutoka kwenye uniti sita za mama mwenye duka.

Ndiyo maana kuna REA, iliyoanza kazi 2007 chini ya sheria ya 2005: ile asilimia 3 kwenye kila tokeni ya mtu wa Kariakoo inakwenda kusimamisha nguzo vijijini. Na kazi imefanyika, sitakuwa mkosa shukrani. Redioni walitangaza vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Kijiji chetu kimo. Ila kijiji si kitongoji. Vitongoji ni zaidi ya 64,000, wastani wa vitano kwa kijiji, na laini ikishafika kwenye ofisi ya mtendaji, zahanati na shule, kijiji kinahesabiwa. Mimi usiku naziona taa za senta kutoka mlangoni kwangu, nzuri kweli, kama mji.

Shemeji yangu yuko hukohuko senta, ana duka la vinywaji. Naye nilimhoji kwa ajili ya tathmini hii, maana sola huwezi kuipima bila kujua mwenzake. Kuunganishwa alilipa 27,000, bei ya vijijini. Watu wengi husikia hiyo namba wakaishia hapo. Kutandaza nyaya ndani ya vyumba vitatu, swichi, soketi, fundi na chakula chake, kulimla 380,000, na hiyo aliitafuta mwenyewe kwa mkupuo, hakukuwa na mtu wa kumwambia lipa buku na mia mbili. Ndiyo sababu nyumba chache chini kabisa ya nguzo za senta bado zina tochi. Kuna kifaa kinaitwa UMETA, yaani umeme tayari, kina soketi na sehemu ya taa pamoja, kwa nyumba isiyo na nyaya, na kwenye matembe ndicho kinachofaa, maana tembe utapitisha wapi mabomba? Lakini si wengi wanaokijua. Mama mkwe alipokiona kwa jirani wa shemeji alisema kinafanana na redio ya zamani.

Shemeji ana friza. Anauza soda baridi, maji, barafu za watoto, na Jumatano, siku ya mnada, watu wanapanga foleni. Anatumia uniti kama 110 kwa mwezi. Mtu akishazidi wastani wa uniti 75 anatoka kwenye bei ya 122 na kuingia kwenye 356 kwa kila uniti, kuanzia ya kwanza. Kwa hiyo yeye analipa kama 39,200. Angebaki kwenye 75 angelipa 9,150. Zile uniti 35 za ziada zinamgharimu elfu thelathini! Jirani yake, mama wa barafu, huzima friza siku za mwisho wa mwezi ili asivuke mstari, na maziwa yakiharibika anasema bora maziwa. Mimi ningekuwa mpanga bei ningeangalia hapo kwanza. Mtu anaanza biashara ndogo, ndiyo kwanza anauza barafu za mia, na bei ya umeme wake inapanda karibu mara tatu siku anayoanza kufanikiwa.

Pamoja na hayo, shemeji halalamiki. Analipa 39,200, mimi nililipa 36,000. Kwa fedha inayokaribiana yeye anaendesha friza, televisheni kubwa, redio inayosikika mpaka mtoni, na taa nane. Mimi balbu nne na mpira wa dakika 74. Na shirika la umeme linapata kwake 32,120 kabla ya kodi, sawa na nyumba 53 za kitongoji changu. Nguzo za senta zinalishwa na watu kama yeye, wenye friza, mashine ya kusaga na ya kuchomelea. Sisi wa balbu ni abiria.

Yule kijana wa UDOM alinisomea habari ya utafiti wa Busia na Siaya, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2020. Watafiti walikwenda kwenye jumuiya 150, kwa familia zilizo jirani kabisa na transfoma, wakazipa bei tofauti za kuunganishwa. Kwa bei kamili ya wakati ule, shilingi 35,000 za Kenya, karibu hakuna aliyejitokeza. Kwa 15,000, karibu mmoja kati ya wanne. Bure, karibu wote. Na gharama ya kuwaunganisha ilizidi kile watu walichokuwa tayari kulipa. Waliporudi baadaye kuangalia maisha yamebadilika vipi, waliona mabadiliko kidogo sana. Kijana akaniangalia kana kwamba amenishinda. Nikamuuliza, walinunua mashine gani baada ya kuunganishwa? Akasoma tena, akasema si nyingi. Basi, nikamwambia, mtu asiye na friza utampimaje friza?

Maana hata mimi niliulizia. Friza ya sola ipo kwenye orodha ya ile kampuni ya sola, kianzio chake peke yake ni zaidi ya nusu ya deni langu lote, na paneli zake ni nne. Cherehani ya umeme haipo. Mashine ya kunyolea ipo, mtoto wa balozi wa nyumba kumi ameichukua na inamlipa vizuri kuliko mtu mwingine yeyote aliyekopa hapa kwetu.

Halafu betri. Waranti yao ni miaka miwili, kuanzia siku ya kufungiwa, si siku ya kumaliza deni. Yangu iliisha Juni 2023 nikiwa bado nadaiwa miezi mitano, kwa sababu ya zile siku za giza. Februari 2024, miezi mitatu baada ya kumaliza, balbu zikaanza kuzima saa mbili usiku hata siku ya jua kali. Nikapiga simu. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole sana, akaniambia nipeleke boksi kwenye ofisi yao mjini kwa nauli yangu, na betri mpya ni 185,000, au naweza kuingia mkopo mpya wa boksi jipya. Nilimuuliza kama anaweza kuninunulia soda na maandazi mawili. Hakuelewa, na si kosa lake.

Nilimpelekea fundi redio mmoja mjini. Alifungua boksi, akanionyesha seli mbili zimevimba kama vitumbua, akaweka nyingine za kuokoteza, 45,000. Linafanya kazi mpaka leo, ila balbu tatu tu, televisheni ameniambia nisahau. Niliuliza pia kwenye duka la vifaa vya sola palepale mjini: paneli ya wati 50, betri, balbu na televisheni kama ile, kwa fedha taslimu mwaka huo, ilikuwa 430,000. Nusu ya deni langu, na kidogo chini. Tofauti ndiyo bei ya kutokuwa na 430,000 mkononi Juni 2021. Sijutii sana. Ningezipata wapi?

Kwa hiyo nyota ngapi? Kwa mwanga dukani naipa zote tano. Kwa televisheni moja. Kwa huduma ya kabla ya kununua tano, ya baada ya kumaliza deni mbili, na hiyo ya pili ni kwa ajili ya upole wa yule dada. Kama uko mbali na nguzo na unafanya biashara ya jioni, au una clipa za kunyolea, chukua, lakini chukua kifurushi kidogo kisicho na televisheni. Wakati nachukua mimi kilikuwa 500 kwa siku, na balbu ni zilezile. Kama uko chini ya nguzo, weka kianzio chako kwenye nyaya za ndani au UMETA, usidanganywe na pikipiki. Kabla ya kuweka kidole gumba kwenye simu ya wakala, mwambie akuandikie jumla yote kwenye karatasi, akuandikie waranti inaisha tarehe gani na betri mpya ni bei gani. Akianza kutaja soda, mwambie unazo.

Mwezi uliopita walipita vijana wenye fulana zinazong'aa, wakapigilia vigingi vya mti vyenye rangi nyekundu kutoka upande wa senta mpaka kwa balozi, mita kama mia mbili kutoka dukani kwangu. Hawakusema lini. Nimeshamwita fundi wa nyaya kupiga hesabu, na nimeanza kuangalia friza za mtumba.

Boksi nimelihamishia kwa mama mkwe. Balbu mbili na redio zinamtosha, analala mapema. Paneli tumeilaza juu ya tembe, ambalo ni fupi, na kila jioni mbuzi wanapanda kuilamba umande na vumbi. Sijaifuta tangu hapo.